Maji Taka Yapanda Ikulu

Katika nchi moja, ambayo jina lake tuliache kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa na watu wasiowapigia makofi, Ikulu ilijengwa mahali pa chini kuliko pote katika Jiji Kuu. Hakuna aliyekosea. Mkoloni aliyeijenga alipenda upepo wa ziwa, akaufuata mteremko hadi ulipoishia, akaweka msingi pale. Siku zake zilipofika akaondoka, nyumba ikabaki. Wenye nchi walipohamia humo na masanduku yao ndipo ilipoonekana kwamba kuna jambo la itifaki halijakaa sawa: haiwezekani raia akasema anateremka Ikulu. Mtu huteremka kisimani. Ikulu lazima ipandwe.

Basi ikawa desturi. Mwenye shida Ikulu huaga nyumbani kwake, "Napanda kwa Mtukufu," kisha huishuka ile barabara ndefu ya lami, magoti yakimvuta yenyewe, na akifika getini husimama, hushika kiuno na kuhema. Huhema kwa bidii, kama mtu aliyebeba gunia la mahindi mlimani. Askari wa geti humpa pole na kumwonesha benchi la kupumzikia. Balozi mmoja mgeni, katika wiki yake ya kwanza, alifika pale mkavu, hana hata jasho la puani, anapiga mluzi. Alirudishwa kwao kwa kosa la kufika kirahisi.

Kutoka nako kulikuwa na taabu yake. Anayetoka Ikulu huhesabiwa kuwa anateremka, kwa hiyo hata kama kifua kinampasuka kwa kuupanda mlima wa Kilimani, ni mwiko kuonekana anatweta. Watu wazima na vyeo vyao wameanguka barabarani kwa kubana pumzi. Walipozinduka walipongezwa.

Hemedi Lukindo, ambaye habari hii inamhusu, alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji, Maji Taka na Mwinuko wa Taifa, na cheo hicho alikipata kwa mapafu yake. Zamani alikuwa mpima ardhi wa kawaida, mwenye kofia ya jua na deni dukani. Siku moja wapima ardhi wote waliitwa Ikulu kupewa nasaha. Wenzake walifika getini wanahema kama ilivyo ada. Lukindo alifika kwa magoti. Hatua za mwisho alizitambaa, akishika nyasi za pembeni asiporomoke, na alipofika mbele ya askari aliomba maji na shahada, kama mtu anayekata roho. Mtukufu alikuwa dirishani.

"Yule," Mtukufu alisema, "ndiye anayejua tulipo. Apewe vipimo vya nchi."

Lukindo akachora ramani mpya ya taifa kwa mkono wake mwenyewe. Ikulu ikawa kilele. Kilimani, ambako mawingu hugusa mabati asubuhi, pakaandikwa kuwa bonde la chini kabisa. Majina ya mitaa hayakuguswa. Yaliachwa kama kumbukumbu ya ujinga wa mababu. Wanafunzi waliikariri ramani hiyo na walioikosea mtihanini walirudia darasa. Lukindo alipewa nyumba Kilimani, yenye baraza pana, na akiwa kwenye baraza hilo aliitazama Ikulu huko chini kwa jinsi sheria ilivyotaka, yaani kwa kuinua kidevu.

*

Mama yake, Bi Mashavu, alikaa mtaa wa Bondeni, nyumba za mwisho kabla ya ukuta wa nyuma wa Ikulu. Kwenye ramani ya mwanawe mtaa huo ulikuwa karibu na mbingu. Mvua ikinyesha, chemba iliyo mbele ya mlango wake ilianza kunguruma, mfuniko ukachezacheza kama kifuniko cha sufuria ya wali, na maji taka ya jiji zima yakatoka kumsabahi. Bi Mashavu alikuwa akijua Kilimani walikula nini jana.

Alikuwa muuza vitumbua, na alivipikia hapo hapo barazani. Siku za maji wateja walivinunua kwa mkono mmoja, mwingine umeziba pua. Hilo alilizoea. Asilolizoea ni kidonda kilichotokea kwenye mguu wake wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, ambacho kila kilipotaka kufunga kililoweshwa upya. Tabibu wa zahanati hakumficha. Alimwambia kwamba mguu ukiendelea kuoga maji yale, hautapona, na usipopona utakatwa.

Lukindo alikuja kumtazama siku ya Jumapili, akiruka kutoka tofali hadi tofali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pitia huku. Hapo usikanyage, hapo ni kina."

"Mama, mimi nimechoka kukuona hivi. Twende kwangu Kilimani."

"Nikafanye nini? Nikae kwenye kochi nitazame pazia?" Bi Mashavu aligeuza vitumbua kwa kijiti chake, kimoja kimoja. "Nyumba hii nimeijenga kwa hivi hivi. Wewe umesomeshwa kwa hivi hivi. Na nikihama mimi, majirani zangu nao utawapakia? Utaupakia mtaa mzima?"

Lukindo alimweleza kuhusu mradi mpya. Mabomba makubwa yangelazwa ardhini jiji zima, ya zamani yangeng'olewa, na kungekuwa na mabwawa ya kisasa ya kusafishia maji taka. Alieleza vizuri, kwa mikono, mpaka akasahau anaongea na nani akasema "ndugu wananchi".

"Na hayo mabomba makubwa yataleta maji wapi?" mama yake aliuliza.

Lukindo alitazama vitumbua.

"Hemedi, jiji zima linajua maji yanakokwenda. Hata hao wanaohema getini wanajua. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kulisema mbele ya wakubwa wako, wakati kalamu bado iko juu ya karatasi. Sema wewe. Sema Ikulu iko chini, wajenge kwa kufuata ardhi ilivyo, maji yanipite yaende zake ziwani kwenye hayo mabwawa yenu. Maneno matatu tu, mwanangu. Mguu wangu uko kwenye maneno hayo."

"Nitasema, mama."

"Niapie."

"Haki ya Mungu nitasema."

Na alikuwa na nia hasa. Mtu asije akamdhania vibaya. Alimpenda mama yake, na njia nzima ya kurudi Kilimani, akibana pumzi, alilirudia lile neno kimoyomoyo.

*

Kikao kilifunguliwa na Waziri, Mheshimiwa Pantaleo Gwasuma, mtu mwenye sauti iliyomtangulia ukumbini. Waziri hakuwahi kushika bomba lakini aliyazungumza mabomba kama ndugu zake.

"Ndugu wajumbe! Taifa kubwa hutambuliwa kwa ukubwa wa kile linachokitoa! Kwa muda mrefu uchafu wetu umepita katika mabomba membamba ya kikoloni, mabomba ya dharau, mabomba yaliyotuona sisi ni watu wa haja ndogo! Leo tunasema basi! Uchafu wetu utapita kwa nafasi, utapita kwa fahari, utapita kifua mbele!"

Makofi yalipigwa mpaka glasi za maji zikatikisika. Ndipo akaitwa Mhandisi Siwema, mwanamke mkimya aliyechora mradi, aeleze mchoro. Alisoma bila kupepesa macho, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa mtu asiyemjua.

"Kwa mujibu wa vipimo rasmi vya taifa, Ikulu iko juu na Kilimani iko chini. Kwa hiyo mabomba yote yatalazwa kutoka Ikulu kuelekea Kilimani, na mabwawa ya kusafishia yatachimbwa Kilimani. Hakuna pampu itakayohitajika, kwa kuwa maji yatateremka yenyewe." Akafunga faili. "Kama kuna mjumbe mwenye shaka na vipimo, bahati nzuri mwenye vipimo tunaye humu ndani."

Ukumbi mzima ukamgeukia Lukindo.

Alisimama. Juu ya kichwa cha Waziri ilining'inia picha ya Mtukufu, imepigwa kutoka chini ili aonekane yuko juu. Lukindo aliuona mguu wa mama yake, aliiona chemba inavyonguruma, akafungua kinywa.

"Mheshimiwa Waziri, kuhusu hili suala la mwinuko..."

"Ehe?" alisema Waziri.

"Kuhusu hili suala la mwinuko, nilikuwa naomba..." Mate yalimkauka. Wajumbe walikuwa wameacha kunong'ona. "Naomba kwa ruhusa yako tuupigie makofi."

Wakaupigia makofi. Kisha ikaletwa chai na sambusa.

Siwema alimkuta nje ya ukumbi, ameegemea ukuta, kikombe mkononi.

"Nilikupa nafasi, Katibu."

"Na wewe ulikuwa na mdomo."

"Mdomo wangu una watoto watatu wanasoma," alisema Siwema. "Wako una nini?"

Angeweza kumjibu kwamba una mama. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atake kuvua sura yake aiweke mfukoni. Sambusa lakini aliila.

*

Kazi ilianza. Jiji lilichimbwa kama shamba la viazi. Mabomba yalikuwa makubwa kiasi kwamba Waziri aliingia ndani ya moja na bendi ya polisi, wakatoka upande wa pili wakipiga wimbo wa taifa. Tatizo dogo likatokea kwenye pimamaji, kile kifaa cha mafundi chenye kiputo cha hewa kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa. Kila fundi alipokiweka juu ya bomba, kiputo kilikimbilia upande wa Kilimani na kung'ang'ania huko, kana kwamba juu ni kule. Iliundwa tume. Tume iligundua kwamba pimamaji zote zilitoka nje ya nchi na hazikuwa na uzalendo. Zikakusanywa, na mafundi wakagawiwa pimamaji za nyumbani, ambazo kiputo chake kilichorwa kwa rangi katikati kabisa na hakikuweza kwenda popote. Tangu hapo kazi ilikwenda bila hitilafu.

Siku ya uzinduzi wananchi walikusanywa Kilimani, kwenye mabwawa. Yalikuwa mabwawa mazuri, yamepakwa rangi ya buluu, makavu kabisa, na ndani yake wamewekwa bata wa Serikali wakisubiri. Mtukufu alifika kwa msafara. Kwa kuwa alitoka Ikulu, magari yake, yaliyokuwa yakinguruma kwa gia ya kwanza, yalitangazwa na mshereheshaji kuwa yanateremka kwa mwendo wa upole. Waziri alihutubia. Mtukufu akabonyeza kitufe, na milango ya chuma ya mabomba mapya ikafunguka jiji zima kwa wakati mmoja.

Watu wakatazama mdomo wa bomba. Bata wakatazama mdomo wa bomba. Bendi ilipiga wimbo, ikaumaliza, ikaurudia, mpaka mpiga tarumbeta akaomba kukaa. Hakikutoka hata kijasho.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "maji yetu yamelelewa. Hayawezi kukurupuka mbele ya Mtukufu."

Lukindo alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mtukufu, akiwa na tai mpya shingoni. Alijua maji yaliko. Aliyahesabu mitaa mitaa: sasa yanapita sokoni, sasa hospitali ya mkoa, sasa yanageuka kwenye kona ya kiwanda cha sabuni. Maji ya jiji zima, ambayo zamani yaligawanyika katika vibomba vyembamba, sasa yalikuwa pamoja kwa mara ya kwanza, kwa nafasi na kwa fahari kama yalivyoahidiwa.

Akatokea ofisa wa walinzi wa Ikulu, amepanda mlima wote ule kwa miguu mbio. Alikuwa ametoka Ikulu, kwa hiyo hakuruhusiwa kuhema. Alisimama wima mbele ya Mtukufu, uso umemvimba, macho yamemtoka, jasho linamchuruzika hadi kwenye viatu, mdomo ameufunga kwa nguvu zake zote. Watu walimsubiri kwa heshima. Mwisho pumzi ikapata upenyo.

"Mtukufu," alisema, "maji yamefika."

"Yamefika wapi?"

"Sebuleni."

*

Kesho yake magazeti yote, yaani lile moja, lilitoka na kichwa cha habari kilichojaza ukurasa: MAJI TAKA YAPANDA IKULU. Waziri Gwasuma aliitisha waandishi. Alisema kwa macho makavu kwamba kote duniani maji taka hushuka, kwa sababu huko kwingine yanalazimishwa. Hapa kwetu, alisema, maji yaliachwa huru kuchagua, yakaona njia ya kwenda mabwawani, yakaona na njia ya kwenda kwa Kiongozi, yakachagua kupanda mlima bila pampu. Kwaya ilitungiwa wimbo. Wageni kutoka nchi jirani walikuja kujifunza, wakapelekwa getini, wakahema, wakanusa, wakaandika.

Lukindo alitunukiwa nishani ya Mwinuko, Daraja la Kwanza. Alikwenda Bondeni ameivaa, kwa kuwa alikuwa ameshapigwa picha nayo na alisahau kuivua.

Matofali ya kurukia hayakuonekana tena. Alisimama pale maji yalipoanzia na kuita. Bi Mashavu alikuwa juu ya kitanda, kitanda kiko juu ya matofali, jiko la mkaa liko juu ya meza, na bado anakaanga. Mguu ulikuwa umefungwa kitambaa kilichokuwa cheupe.

"Ulisema?" mama yake aliuliza kutoka ndani.

"Nilisimama, mama."

"Sikuuliza kama ulisimama."

Lukindo alilia kidogo, akaangalia kama kuna mtu amemwona, akarudi Kilimani.

*

Baada ya siku chache aliitwa Ikulu peke yake. Alifika getini akaanza kushika kiuno, lakini askari, waliokuwa ndani ya maji hadi magotini, walimpungia mkono apite tu. Hawakuwa na nguvu ya kumpa pole.

Mtukufu alikuwa ghorofani, amevaa koti la suti na mabuti ya mvua, leso puani. Aliwatoa nje wasaidizi wote na kufunga mlango mwenyewe.

"Lukindo, nitakuuliza kitu, na humu tuko wawili. Hapa tulipo ni juu au ni chini?"

Lukindo alijua mtego unavyofanana, amewahi kuwatega wengine. Lakini harufu ile aliijua pia. Ndiyo iliyokuwa kwenye kitambaa cha mama yake. Akaona kwamba hata akinyongwa, atakuwa amenyongwa kwa kitu chake mwenyewe alichokisema.

"Ni chini, Mtukufu. Ni chini kabisa. Ramani niliichora mimi na ni ya uongo."

Mtukufu aliketi taratibu, akashusha pumzi ndefu.

"Nilijua," alisema. "Mwaka wangu wa kwanza niliangusha chungwa pale getini. Likanifuata mpaka mlango wa chumba cha kulala."

"Mbona hukusema, Mtukufu?"

"Nimwambie nani? Kila ninayemwita anakuja anahema. Nilidhani labda ni mimi naumwa." Alimtazama Lukindo kwa huruma kidogo, kisha akamshika bega. "Ahsante. Umesema kweli, na kweli hii itafanyiwa kazi mara moja."

Lukindo alitoka pale akiwa mtu mwingine. Aliupanda mlima wa Kilimani akihema waziwazi, mdomo wazi, na hakujali. Alituma ujumbe kwa mama yake kwamba avumilie siku mbili tatu, neno limeshasemwa, tena limesemwa kwa mwenyewe.

Na kweli ilifanyiwa kazi. Mtukufu alihama. Ikulu mpya ilifunguliwa Kilimani, pembeni mwa yale mabwawa ya buluu, ambayo yalitiwa maji safi na kuwa ya kuogelea. Bata walipandishwa cheo. Ramani ya Lukindo ilifutwa na kutolewa mpya, na hii, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, ilikuwa sahihi: juu palikuwa juu na chini palikuwa chini. Kisha Waziri Gwasuma akatangaza kwamba mradi wa maji taka umekamilika. Maji yalitakiwa yaende kwenye mabwawa mahali pa chini, nayo yalikuwa yakienda mahali pa chini. Kilichobaki ni kupaita mabwawa. Kwa tangazo moja, Ikulu ya zamani na mtaa wa Bondeni vikawa Bwawa la Taifa la Maji Taka. Na kwa kuwa bwawani haishi mtu, tangazo liliongeza, Bondeni hakuna mtu.

Lukindo alilisoma tangazo hilo mara kadhaa. Alitafuta uongo ndani yake amkimbilie Mtukufu nao. Kila kipimo kilikuwa sahihi.

*

Kamati ya kuthibitisha kwamba Bondeni hakuna mtu ilikwenda huko asubuhi moja yenye jua zuri. Alikuwepo Waziri, alikuwepo karani wa kuandika, na alikuwepo Katibu Mkuu Lukindo, kwa kuwa uthibitisho ulihitaji sahihi ya mwenye vipimo. Walisimama kwenye ukingo mkavu. Mbele yao maji, na ng'ambo ya maji baraza la Bi Mashavu. Siku hiyo alikuwa ameshuka kitandani; amekaa kwenye benchi anakaanga vitumbua, mguu mmoja ameukunja benchini, wa kidonda, usiokunjika tena, uko majini.

"Shikamoo mama," alisema karani, ambaye kwao walimlea vizuri.

"Marahaba. Mnatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu, mama. Kwa mujibu wa tangazo, hapa hakuna mtu."

"Sasa unaongea na nani?"

"Naongea peke yangu, mama, samahani." Akaandika.

Waziri alikohoa. Hakupenda mazungumzo ya namna hiyo mbele ya hadhara, ingawa kisheria hadhara haikuwepo. "Katibu Mkuu, kwa ajili ya kumbukumbu. Wewe ni mtaalamu. Unamwona mtu yeyote hapo mbele?"

Lukindo alimtazama mama yake. Bi Mashavu hakumtazama. Alikuwa anageuza vitumbua. Hakuomba safari hii. Lukindo aliona kwamba ile kweli aliyoisema ghorofani ilimgharimu kidogo sana, kwa sababu aliyeambiwa alikuwa anaihitaji. Hii ilikuwa nyingine. Alihisi woga ule ule wa siku ya kikao, kinywa kikavu vile vile, na safari hii hakusubiri kinywa.

Akaingia majini na viatu vyake. Maji yalimfika vifundoni, kisha magotini, ya vuguvugu, mazito, na suruali ya cheo ikamganda miguuni. Alitembea mpaka barazani, akaketi kwenye benchi kando ya mama yake, akauinua ule mguu kwa mikono miwili akauweka juu ya mapaja yake.

"Namwona mama yangu," alisema kwa sauti. "Anaitwa Bi Mashavu. Mguu wake unaoza kwa sababu mimi nilinyamaza."

Waziri alimtazama kwa muda, akiwa na majonzi ya mtu aliyepoteza kalamu nzuri.

"Katibu Mkuu hayupo," alimwambia karani.

"Niandikeje, Mheshimiwa? Nilikuwa nimeshaandika hakuna mmoja."

"Andika hakuna wawili."

Nyumba ya pili dirisha likafunguka. Fundi cherehani mmoja, tepu shingoni, akachungulia. "Na mimi sipo," alisema. "Karani, niandike na mimi, na jina langu ulipatie, huwa mnanikosea."

"Mimi na wanangu hatupo!" alidakia mwanamke wa nyumba ya nyuma, akitoka na mtoto mgongoni. "Andika wote!"

"Sisi hatupo tangu kabla ya uhuru!" ikasikika sauti ya mzee kutoka juu ya bati.

Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Walikuja wakipasua maji kwa mapaja, wengine wamebeba wazee mgongoni, wengine wameshikilia khanga zao juu, wanasukumana na kucheka kwa hasira. Bi Mashavu aliukuta mkono wa mwanawe juu ya mguu wake na hakuuondoa. "Umechelewa, Hemedi," alimwambia polepole, akampa kitumbua cha moto.

Waziri aliamuru kamati iondoke. Alikwenda mpaka kwenye gari, akakaa, akapiga honi. Karani hakusikia. Alikuwa ameinamisha kichwa anaandika, na watu wasiokuwepo walikuwa wamempangia foleni hadi kwenye ukuta wa Ikulu ya zamani, kila mmoja akitaja jina lake kwa sauti.